Maumivu Baada ya Operesheni ya Uzazi: Dawa Humezwa kwa Saa, Si kwa Kilio



Somo letu la mwezi huu linamhusu mama anayejifungua kwa operesheni iliyopangwa. Hatusemi juu ya operesheni ya dharura, ile ya usiku wa manane ambapo mama hukimbizwa chumba cha upasuaji na ndugu hubaki barazani wakiomba. Tunasema juu ya mama aliyeambiwa kliniki wiki kadhaa mapema kwamba tarehe fulani afike hospitali, kwa sababu amekwisha kupasuliwa mara mbili, au mtoto amekaa vibaya, au kondo la nyuma limetangulia mlangoni.

Siku inajulikana, na familia hujiandaa. Hununuliwa beseni, kanga na nguo za mtoto. Hutafutwa mtu wa kubaki na watoto wengine. Ndizi za mtori huwekwa tayari. Jambo moja tu husahauliwa karibu katika kila nyumba. Hakuna anayeuliza maumivu ya baada ya operesheni yatatulizwa namna gani, na nani atakumbuka dawa.

Matokeo yake tunayaona wodini siku ya pili. Mama amelala chali, amefumba macho, haongei. Ukimwuliza kama anaumwa hujibu, "Kidogo tu, sista." Ukimwambia ageukie ubavu, hawezi. Tangu jana hajakohoa wala kuinuka, na mtoto amenyonya mara moja tu. Wageni wanamsifu kwamba ni mama jasiri. Mimi huyo hunitia wasiwasi kuliko yule wa kitanda cha pili anayelalamika kwa sauti, maana anayelalamika atapewa dawa.

MAUMIVU HAYO HUTOKA WAPI?

Wengi hufikiri kilichokatwa ni ngozi tu. La. Daktari hupita ngozi, mafuta yaliyo chini yake, na utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo. Misuli yenyewe kwa kawaida haikatwi, bali hutenganishwa katikati kwa kuvutwa. Kisha hufika kwenye utando wa ndani wa tumbo, na mwisho mfuko wa uzazi. Siku hizi mshono mara nyingi ni wa kulala, chini kabisa ya tumbo, pale nywele zinapoanzia. Mkato huo ulielezwa mwaka 1900 na daktari Mjerumani, Hermann Johannes Pfannenstiel. Mshono wa wima, unaoshuka kutoka kitovuni, bado hutumika pale inapolazimu, na kwa kawaida huuma zaidi.

Pamoja na maumivu ya kidonda huja mengine. Mfuko wa uzazi hujikaza ili kurudi udogo wake na kuzuia damu. Hilo ndilo tumbo la uzazi ambalo akina mama wanalifahamu, na aliyepasuliwa halimkwepi. Hukaza zaidi mtoto anaponyonya, na kwa mama mwenye uzazi wa pili au wa tatu huuma kuliko mara ya kwanza. Halafu kuna gesi. Matumbo huwa yamelala kwa muda baada ya upasuaji, hewa hukwama, na tumbo huvimba kama ngoma. Mama wengine huumwa bega na kushangaa bega linahusiana vipi na tumbo. Ni kwamba hewa au damu kidogo iliyobaki chini ya mbavu husumbua kiwambo cha kupumulia, na neva zake ni ndugu wa neva za bega. Maumivu hayo kwa kawaida hupita yenyewe katika siku chache.

Nimeeleza haya kwa sababu mama anayejua kinachomwuma haogopi sana, na hofu nayo huongeza maumivu.

KUVUMILIA SI WAJIBU

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Mama mkwe husema, "Mwanangu, sisi tulizaa bila vidonge." Wengine hutaja maneno ya Kitabu cha Mwanzo juu ya uchungu wa Eva, kana kwamba kumeza parasetamoli ni kukwepa hukumu. Yafaa wasomaji wetu wajue kwamba Kanisa lilikwisha kulijibu swali hili. Tarehe 8 Januari 1956, Papa Pius XII alizungumza na madaktari juu ya kuzaa bila maumivu, akaeleza kwamba Maandiko hayamkatazi mama kutulizwa maumivu. Mwezi Februari 1957 alizungumza tena, safari hii juu ya kazi ya wataalamu wa usingizi, na hapo pia alikubali matumizi ya dawa za kutuliza maumivu.

Wala wazee wetu hawakuwa watu wa kumwacha mama aumie bila msaada. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia operesheni ya uzazi mahali paitwapo Kahura, katika nchi ya Bunyoro, ambayo leo imo Uganda. Mganga wa kienyeji alimnywesha mama pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Pombe hiyohiyo aliitumia kunawa mikono na kuosha tumbo. Kidonda alikifunga kwa pini za chuma, akakifunika kwa dawa ya mizizi. Felkin aliandika kwamba siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Hatushauri mtu kulewa! Nataka tu kuonyesha kwamba hapa Afrika Mashariki, kabla ya hospitali kufika, mganga aliyetaka kupasua alianza kwa kufikiria maumivu ya mama.

Zaidi ya hayo, kuumwa kuna hasara mwilini. Mama anayeumwa hupumua juujuu, hakohoi, na makohozi yakikaa kifuani huleta kichomi. Mama asiyetembea yumo hatarini kugandiwa damu katika mishipa ya miguu. Damu ya mwanamke aliyetoka kujifungua huganda upesi kuliko ya mtu mwingine, na upasuaji huongeza hatari hiyo. Bonge likikatika na kupanda hadi kwenye mapafu, linaweza kumwua mama ambaye jana alikuwa akizungumza na wageni. Maziwa nayo hushuka kwa shida mama akiwa amekaza mwili kwa maumivu. Hivyo tunapotoa dawa tunataka mama aweze kugeuka, kukohoa, kutembea na kunyonyesha. Kumpunguzia mateso peke yake kungetosha kuwa sababu, lakini sababu ni zaidi ya hiyo.

DAWA NA SAA ZAKE

Mama wengi wanaopasuliwa kwa mpango huchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Ganzi hiyo hukaa muda wa saa mbili hadi nne hivi. Mama hurudi wodini akitabasamu, haumwi, na watu wa nyumbani hudhani mambo yamekwisha. Kumbe ganzi inaisha polepole kama mafuta ya taa. Dawa ya kwanza yapasa iingie mwilini kabla haijaisha. Ukiona vidole vya miguu vimeanza kucheza, mwite muuguzi wakati huohuo, usisubiri. Hospitali nyingine huchanganya kiasi kidogo sana cha mofini katika sindano ya mgongoni, na nafuu yake inaweza kufika saa 24. Mama aliyepewa hiyo asishtuke akiwashwa mwili au akisikia kichefuchefu. Amwambie muuguzi. Na wale wanaoogopa kwamba sindano ya mgongo huleta maumivu ya mgongo ya maisha, hilo si kweli. Mahali ilipochomwa panaweza kuuma siku kadhaa tu.

Kwa siku ya kwanza hospitali inaweza kutoa sindano kali, kama vile mofini au pethidini. Lakini nguzo ya matibabu ni vidonge viwili vya kawaida kabisa, ambavyo watu huvidharau kwa sababu ni vya bei ndogo: parasetamoli na ibuprofeni. Mahali pa ibuprofeni wengine hupewa diklofenaki. Mwaka 2021 wataalamu wa kundi liitwalo PROSPECT, wanaochunguza maumivu ya operesheni za aina mbalimbali, walitoa mwongozo juu ya operesheni ya uzazi iliyopangwa. Nao walisema hivyohivyo: parasetamoli pamoja na dawa ya jamii ya ibuprofeni, zote mbili kwa saa zake, na dawa kali ziwe akiba. Dawa hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti, kwa hiyo husaidiana.

Kwa mama mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, yaani visizidi vidonge vinane kwa siku nzima. Ibuprofeni ni miligramu 400 kila baada ya saa nane, baada ya kula. Saa zetu za Kiswahili zinarahisisha hesabu. Parasetamoli: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Ibuprofeni: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Andika hayo kwenye karatasi, ibandike ukutani karibu na kitanda, na kila dozi ikimezwa weka alama. Cheti cha daktari wako kikisema tofauti, fuata cheti.

Neno "kwa saa" maana yake ni hata kama mama haumwi wakati huo. Moto wa nyasi huzimwa ukiwa mdogo. Ukisubiri ushike paa, ndoo moja haitoshi. Mama akingoja mpaka alie, kidonge kitachukua nusu saa au zaidi kuanza kufanya kazi, naye atahitaji dawa kali zaidi kufika pale ambapo kidonge kidogo kingemfikisha. Siku tatu za kwanza shika saa bila kuruka. Baada ya hapo punguza polepole, umeze unapohitaji. Akina baba, kazi hii ni yenu. Mama hawezi kuangalia saa, kunyonyesha, na kulala kwa wakati mmoja. Tega kengele ya simu saa 6 usiku, amka, mpe mkeo maji na vidonge. Kama hospitali hairuhusu baba kulala wodini, mwachie ndugu atakayebaki ile karatasi ya saa, na kazi yako ianze mkirudi nyumbani.

Zipo tahadhari, na nazisema wazi. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki, maana ni dawa za jamii moja. Katika maduka ya dawa huuzwa sana vidonge vya mchanganyiko vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Mama akimeza hivyo, kisha akaongeza Panadol juu yake, amezidisha parasetamoli bila kujua, na ikizidi huharibu ini. Dawa nyingi za mafua pia zina parasetamoli ndani yake. Mama mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za namna hii, amwambie daktari kabla ya operesheni. Vivyo hivyo aliyekuwa na shinikizo la damu la mimba au aliyetokwa na damu nyingi: daktari ndiye aamue kama ibuprofeni inamfaa. Kwa kuwa siku yenu inajulikana, semeni haya kliniki, msingoje mezani pa upasuaji.

JE, DAWA HAZIHARIBU MAZIWA?

Swali hili naulizwa kila wiki, na kwa ajili yake vidonge vingi hufichwa chini ya mto. Parasetamoli na ibuprofeni hupita katika maziwa kwa kiasi kidogo mno, na hazimdhuru mtoto. Mama amnyonyeshe tangu saa ya kwanza, ampe ile dang'a ya njano, wala asikamue na kumwaga. Mama mwenye hofu anaweza kumeza vidonge mara tu baada ya kunyonyesha. Lakini ukweli ni kwamba akimeza kabla, atanyonyesha kwa raha zaidi.

Dawa za kuangalia ni nyingine: kodeini na tramadoli. Miili ya watu wengine huzigeuza upesi kuwa kali sana, nazo zikipita katika maziwa humlaza mtoto usingizi usio wa kawaida na hata kumdhoofisha pumzi. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba mama anayenyonyesha asitumie dawa hizo. Hapa kwetu tramadoli hupita mkononi kwa mkononi kama peremende. Usimeze kidonge cha jirani, hata kama kilimsaidia. Na mama yeyote aliyepewa dawa kali hospitalini amwangalie mtoto: akiwa mzito kuamka, hanyonyi, au anapumua kwa shida, amwite muuguzi mara moja.

KANGA, MAJI YA MOTO NA KITANDA

Si kila nafuu hutoka dukani. Kuinuka kitandani kuna ufundi wake. Mama asijinyanyue moja kwa moja kama anayeamka shambani. Akunje magoti, ajiviringishe ubavuni mwili mzima kwa pamoja kama gogo, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa mikono hadi akae. Akae kidogo kwanza ili kizunguzungu kipite. Anapotaka kukohoa, kucheka au kupiga chafya, akumbatie mto au kanga iliyokunjwa juu ya mshono na kuukandamiza taratibu. Ndugu wanaokuja na vichekesho wodini waje navyo siku ya nne.

Mama akae kitandani siku ileile ganzi inapoisha, na siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi atembee hatua chache akishikwa mkono, hasa baada ya kutolewa mpira wa mkojo. Meza dawa, subiri nusu saa au zaidi kidogo, ndipo utembee. Kutembea ndiyo dawa ya gesi. Zamani mama alizuiwa kula mpaka apitishe hewa chini. Siku hizi, kama operesheni haikuwa na matatizo, huruhusiwa kunywa na kula chakula chepesi baada ya saa chache. Uji mwepesi ni mwanzo mzuri, na mtori utafuata. Hata kutafuna bigijii husaidia matumbo kuamka mapema, ingawa bibi atakushangaa. Wakati wa kunyonyesha mlaze mtoto ubavuni mwako mkiwa mmelala wote wawili, au mpitishe chini ya kwapa na miguu yake ielekee mgongoni kwako, ili asikanyage mshono.

Kumfunga mama tumbo kwa kanga ni desturi yetu ya siku nyingi, na nafurahi kusema kwamba ule mwongozo wa 2021 nao unakubali mkanda wa tumbo kwa kupunguza maumivu. Lakini ifungwe kiasi cha kushikilia tu. Kanga iliyokazwa mpaka mama hapumui vizuri, eti tumbo lirudi upesi, inamwumiza bure. Ifunguliwe wakati wa kulala, na iwe safi na kavu.

Maji ya moto ni jambo jingine. Kumkanda tumbo mama aliyepasuliwa, kwa kitambaa kilichochovywa maji yanayotoa mvuke na kukandamizwa kwa nguvu, ni hatari. Ngozi iliyo karibu na mshono huwa na ganzi kwa muda mrefu, hivyo mama anaweza kuungua bila kusikia, na mshono unaweza kuachia. Mabibi wapendwa, mikono yenu tunaihitaji: mwogesheni maji ya uvuguvugu, mkandeni mabega na mgongo. Tumbo liacheni. Na mguu mmoja ukiwa umevimba na kuuma, msiuchue hata kidogo.

MAUMIVU YANAYOSEMA JAMBO JINGINE

Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Ya leo yawe madogo kuliko ya juzi. Yakigeuka na kupanda baada ya siku ya tatu au ya nne, usiongeze vidonge, nenda hospitali. Mara nyingi mshono umeingiwa na vijidudu: pembeni panakuwa pekundu au pagumu na pa moto, usaha hutoka, au mshono unafunguka. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, tumbo gumu linalouma kote, au damu ya uzazi yenye harufu mbaya humaanisha ugonjwa unaweza kuwa ndani, na huo haungoji kesho. Vilevile damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Maumivu ya nyama ya mguu mmoja pamoja na uvimbe, au kuishiwa pumzi na kuchomwa kifuani ghafula, ni dalili za lile bonge la damu tulilolitaja.

Kichwa nacho kina lugha mbili. Kikiuma mama anapokaa na kupoa anapolala, huenda ni kwa sababu ya sindano ya mgongo. Arudi hospitali, tiba ipo. Lakini kikiuma sana huku macho yanaona ukungu au vimulimuli, au tumbo la juu linauma, anaweza kuwa anaelekea kifafa cha mimba, ambacho hutokea hata baada ya kujifungua, na hata kwa mama ambaye kliniki hakuwahi kuambiwa ana presha. Apelekwe saa hiyohiyo.

SIKU ZA NYUMBANI

Wengi huruhusiwa baada ya siku chache, na hapo ndipo dawa huachwa, kwa kuwa mama yuko nyumbani na watu husema amepona. Endeleeni na karatasi yenu ya saa mpaka mama mwenyewe aseme anaweza kuruka dozi bila kuumia. Mshono uoshwe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, ukaushwe taratibu, usipakwe majivu, mafuta wala dawa ya meno. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa karibu na siku ya saba, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye cheti. Kwa wiki sita mama asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake: ndoo ya maji, kuni, wala yule mtoto mkubwa anayelia kubebwa. Nyumbani kwenye mlima mrefu wa kuteka maji, baba apange mapema nani atateka.

Ngozi iliyo juu ya mshono inaweza kuwa na ganzi, au kuwasha na kuvuta, kwa miezi kadhaa, na hilo halina neno. Lakini mama ambaye bado anaumwa baada ya miezi mitatu, anayeshindwa kuinama shambani au kukutana na mumewe kwa sababu ya maumivu, arudi hospitali na kadi yake ya kliniki. Aonyeshe kwa kidole panapouma, hata kama mshono wenyewe umefunga vizuri.